Zilipendwa na Nani?

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, barabara kuu itokayo Dar es Salaam hujaa mabasi na magari ya watu wanaorudi Kilimanjaro kula Krismasi katika vihamba vya baba zao. Panda, msomaji, kutoka Moshi mjini hadi Kibosho, Machame, Marangu au Rombo katika juma hilo, utakuta nyua nyingi zina wageni ambao ni wenyeji. Nyama inachomwa, mbege inazunguka, na redio imewekwa dirishani ili wote waisikie. Mtangazaji asemapo kwamba sasa umewadia wakati wa zilipendwa, mazungumzo hukatika. Magitaa yanaanza, tarumbeta zinaitikia, na wazee wa miaka sitini na sabini wanafumba macho. Mmoja atavunja kimya na kusema, "Huu ndio muziki, siku hizi kuna kelele tu." Mwingine ataongeza, "Mwacha mila ni mtumwa." Kisha wote watawageukia vijana walioketi pembeni na simu zao, kana kwamba vijana hao ndio waliokwenda usiku kuyavunja magitaa yale.

Hatuandiki makala hii kuzidharau nyimbo hizo. Sisi wenyewe tulizisikia tungali watoto, kutoka katika redio za betri ambazo zilipochoka tulizianika betri zake juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Tunazipenda, na hatuoni haya kusema hivyo. Tunachopinga ni jinsi ya kuzipenda. Tunapinga mapenzi yanayotosheka na machozi, yanayomsuta kijana bila ya kumfundisha, na yanayomsifu mtunzi bila ya kumjua. Tunasema kwamba mapenzi ya namna hiyo hayahifadhi utamaduni. Yanauzika kwa heshima.

Na tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa tunazungumza na walimu na wanafunzi wa Kiswahili. "Zilipendwa" ni kitenzi kamili. Kiambishi "li" kinatuambia kwamba jambo limekwisha pita. Kiambishi "w" kinatuambia kwamba nyimbo zilitendwa, wala mtendaji hatajwi. Katika neno moja, basi, tumefanya mambo mawili: tumeyapeleka mapenzi yetu katika wakati uliopita, na tumemficha mpenzi. Ni haki yetu kuuliza: zilipendwa na nani? Ni nani aliyezichagua, na ni zipi ambazo hazikuchaguliwa?

Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, katika kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likazaliwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 Serikali ikaichukua kazi hiyo mikononi mwake, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kuwa nchini hakukuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, chumba cha kurekodia cha redio ndicho kilichokuwa mlango mkuu wa bendi zetu, na bendi iliyotaka sahani ililazimika kuitazamia Nairobi. Humo zilipita Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Tabora Jazz, Atomic na Jamhuri za Tanga, na baadaye Mlimani Park iliyoundwa mwaka 1978. Mkulima wa kahawa wa Uru, ambaye hakuwa amefika Morogoro wala Tabora, aliijua miji hiyo kwa magitaa yake. Hiyo ni kazi kubwa ya kujenga taifa, na aliyeifanya anastahili sifa. Lakini sifa isitufanye vipofu. Yapo makosa matatu katika hamu hii ya nyimbo za kale.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba nyimbo hizo zilikuwa mila safi, isiyochanganyika na kitu cha mgeni, na kwamba uchafu umeletwa na watoto wa leo. Historia haikubali hivyo. Mwaka 1962, tarehe 10 Desemba, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri mpya, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliwasikitikia wasomi waliojifunza kucheza rumba na chachacha huku wakiwa hawajui gombe sugu wala mangala. Na tuzingatie: rumba iliyotajwa siku ile kuwa ni ugeni ndiyo mama wa nyimbo tunazoziita leo urithi wetu. Bendi ya Salum Abdallah, iliyoanza Morogoro mwaka 1948, ilijiita Cuban Marimba, na jina hilo halikutoka Uluguru. Neno "jazz", lililobandikwa juu ya bendi za karibu kila mji, lilitoka Marekani. Mwaka 1969 wakuu wa Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, na vijana walioupenda wakaambiwa wamepotea. Baadhi ya vijana wale ndio wazee wanaofumba macho leo chini ya migomba. Waliosutwa jana wamekuwa wenye kusuta, na maneno ya kusutia hawakuyabadilisha hata moja.

Wala si lazima twende mbali na Mlima kuona jinsi kitu cha mgeni kinavyoweza kuwa chetu. Tarumbeta zililetwa Kilimanjaro na wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani. Leo harusi ya Mchagga isiyo na matarumbeta huonekana kama mazishi, na hakuna anayeuliza chombo kile kilizaliwa wapi. Kimekuwa chetu kwa kuwa tulikishika, tukajifunza kukipuliza, tukawafundisha watoto, na watoto wakakipulizia furaha zao wenyewe. Basi kinachofanya muziki uwe wa taifa si mahali ulikotoka, bali ni kazi iliyofanywa juu yake. Kijana anayechukua mdundo wa ng'ambo na kuutilia maneno ya Kiswahili ya mtaa wa Majengo au Pasua anafanya jambo lile lile alilolifanya Salum Abdallah. Akilifanya vibaya, na aelezwe ni wapi amekosea. Lakini asiambiwe kwamba kulifanya tu ni usaliti.

Hapo mtu atatujibu kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na mafunzo, na za siku hizi ni upuuzi. Jibu letu ni jepesi. Wakati ni ungo. Umezipeta nyimbo za miaka ya 1960 na 1970, makapi yamepeperuka, na redio inatupa punje zilizobaki. Kisha tunazichukua punje hizo na kuzilinganisha na mavuno ya leo ambayo hayajapetwa bado, pamoja na makapi yake, mabua yake na mawe yake. Mizani hiyo si ya haki. Zamani zile pia zilikuwepo nyimbo hafifu, za kumsifu mtu aliyelipia sifa na za kumtukana mwanamke aliyekataa posa. Tumezisahau, na kusahau huko tunakuita ubora wa zamani.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo linatuhusu sana sisi tunaoishi katika miteremko hii. Tunapoimba na redio tunadhani tunaikumbuka zamani yote, kumbe tunaikumbuka redio. Redio ya taifa ilisema Kiswahili, wala hatulalamiki. Lugha hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuwa watu wa nchi moja, na Mchagga, Mpare na Msukuma wakaucheka utani mmoja. Lakini kila mlango unaofunguliwa una upande wa nyuma yake. Nyimbo za akina mama waliopanda kutoka tambarare na mizigo ya majani ya ng'ombe vichwani, nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za kazi ya msaragambo na za kumpeleka bibi arusi, hazikupata nafasi ya kutosha mbele ya kinasa sauti. Hazikukatazwa, ziliachwa tu. Hazikuitwa zilipendwa, ingawa zilipendwa na watu wengi zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, kuliko bendi yo yote.

Ni nani basi aliyeziandika habari hizo? Katika Kilimanjaro vijana wa jando walifundishwa kwa mregho, kijiti kilichochongwa alama, na kila alama ilikuwa na somo lake lililoimbwa. Bruno Gutmann, mchungaji Mjerumani aliyefanya kazi miaka mingi huko Kidia, Old Moshi, aliwasikiliza wazee na kuyaandika mafundisho ya Wachagga katika majuzuu matatu yaliyochapishwa kati ya mwaka 1932 na 1938. Aliyaandika kwa Kijerumani. Hatumlaumu, alifanya kazi aliyoiona mbele yake, na bila yeye tungekuwa na pungufu zaidi. Tunajilaumu sisi. Tulikuwa na masikio, tulikuwa na lugha, na hao walioimba walikuwa bibi zetu. Na bado mjukuu anayetaka kujua somo la mregho anaambiwa kwanza ajifunze lugha ya mgeni. Hatusemi haya kwa ukabila. Utamaduni wa taifa si mto unaotoka mbinguni moja kwa moja; ni mto unaokusanya vijito, na kijito kilichokauka huko juu hupunguza maji yanayofika baharini.

Kosa la tatu ni kupenda bila ya kulipa. Mbaraka Mwinshehe aliipeleka gitaa yake hadi Osaka, Japani, katika maonyesho ya mwaka 1970, na alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwezi Januari 1979, akiwa na miaka 34. Marijani Rajabu, ambaye sauti yake ilijaza kumbi za Dar es Salaam, alipofariki mwaka 1995 hakuacha mali inayolingana na jina lake. Bendi nyingi zilikuwa mali ya vyama, mashirika na majeshi. Mwenye vyombo alikuwa mwajiri, na mwanamuziki aliyeacha kazi aliviacha vyombo. Wimbo ulirekodiwa, ukapigwa mwaka baada ya mwaka, lakini sheria iliyozaa Chama cha Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA, haikupitishwa hadi mwaka 1999, wakati wengi wa watunzi wale walikuwa wameshazikwa. Tunapolia kwa kusikia sauti zao, na tuulize pia chozi letu limemfikia nani.

Kwa hakika hali hii tunaifahamu vizuri hapa Mlimani, kwa sababu ndivyo tunavyovitendea vihamba vyetu. Mtu anaondoka kwenda mjini, akakaa huko miaka thelathini. Kila Desemba anarudi kwa majuma mawili. Anatembea chini ya migomba, anashika shina la mbuni, anasema, "Hapa ndipo kwetu, hapa hapauzwi." Kisha anapanda basi. Mbuni hazikukatwa matawi, mfereji wa maji haukuzibuliwa, na mama mzee aliyebaki hana nguvu za kupandisha jembe. Mwaka unaofuata anarudi na kulia kwamba kahawa imekufa. Je, kahawa iliuawa na nani? Kihamba hakiishi kwa kusifiwa. Huishi kwa samadi, kwa maji na kwa mtu anayeamka alfajiri. Nyimbo nazo ni hivyo hivyo. Msikilizaji anayezitembelea Jumapili kwa saa moja, akasifu, akalia, akazima redio, ni mgeni wa Desemba katika kihamba cha utamaduni wake.

Tunajua tutaambiwa kwamba tunamwonea mtu aliyechoka. Amefanya kazi juma zima. Kwa nini asiachiwe saa moja ya kuburudika bila ya kupewa wajibu? Na aachiwe. Burudani si dhambi, na mzee ana haki ya kuukumbuka ujana wake. Lakini mzee huyo hakukomea kwenye burudani. Alitoa hukumu juu ya vijana, na alijiita mlinzi wa mila. Mtu akijiita mlinzi, si kosa kumwuliza analinda nini, na kwa silaha gani. Zaidi ya hayo, utamu wa gitaa humsahaulisha mengi. Miaka ile anayoiita ya raha ndiyo iliyokuwa na vita vya Kagera, na foleni za sabuni na sukari. Ndiyo miaka ambayo mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, kikiwemo kile cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanza mwaka 1933, kisha vikarudishwa mwaka 1984. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, usifunguliwe hadi mwaka 1983. Magari yalikwama Holili, na nyimbo pekee ndizo zilizovuka bila ya pasi. Anayewasimulia watoto utamu wa zamani bila ya uchungu wake hawasimulii historia, anawalaza usingizi.

Hata hivyo, zamani ile ile inayo dawa, kama tukitaka kuisoma vizuri. Mwaka 1973 redio iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, vijijini na mijini, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Walisikiliza kipindi, wakanyamaza, wakajadiliana, wakakata shauri. Na baada ya kukata shauri walichukua majembe wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Miaka miwili baadaye ikafuata kampeni ya "Chakula ni Uhai". Kusikiliza redio kulikuwa ni kazi yenye matokeo, na matokeo yake yalionekana kwa macho. Hilo ndilo jambo la zamani tunalopaswa kulionea hamu kuliko gitaa lo lote! Ni ajabu kwamba watu wa vikundi vile wameibakiza katika kumbukumbu sauti ya redio, na wameusahau ule mjadala uliofuata redio ilipozimwa.

Twapendekeza basi kwamba shule zetu zirudishe vikundi vya kusikiliza, na somo lake liwe nyimbo. Mwalimu wa Kiswahili achague wimbo mmoja wa bendi ya zamani. Wanafunzi wausikilize mara tatu. Waandike maneno yake, watafute mtunzi, mwaka na mji. Waulize wimbo unamsema nani, unamnyamazisha nani, na mdundo wake umetoka wapi. Kisha wauweke kando ya wimbo mmoja wa kizazi chao na kuupima kwa maswali yale yale. Kijana aliyefanya hivyo hatahitaji kuambiwa kipi ni muziki na kipi ni kelele, kwa sababu atakuwa na kipimo chake mwenyewe. Na huenda akamshangaza mzee kwa kumwonyesha katika wimbo wa mzee jambo ambalo mzee hajalisikia kwa miaka hamsini.

Baada ya hapo, kikundi kitoke darasani. Kila mwanafunzi wa Kilimanjaro anaye jirani au bibi mwenye nyimbo ambazo hazikuingia redioni. Simu ile ile tunayomkaripia kwayo ni kinasa sauti, tena bora kuliko vile walivyobeba wataalamu wa zamani. Na aende nayo, kwa adabu, kwa kuomba ruhusa. Akae, asikilize, aulize maana ya kila neno, aandike jina la mwimbaji ikiwa mwenyewe ameridhia, na amsomee tena alichokiandika ili akisahihishe. Nakala moja ibaki shuleni, moja ibaki kwa mwenye wimbo. Shule ya pwani ifanye hivyo kwa nyimbo za pwani, na ya ziwani kwa za ziwani. Sherehe za shule zina kwaya na ngoma. Nyimbo hizo zikiingia humo, zitakuwa zimepata vinywa vipya, wala hazitakuwa zimelazwa kabatini.

Na nyinyi wazee wetu wa Desemba, shikamooni. Tumewasema kwa ukali kwa sababu mnacho kitu ambacho hatuwezi kukinunua. Mnaposema kwamba siku zenu palikuwa na muziki, tunawaamini. Lakini mkae na mjukuu saa moja kabla ya basi kuondoka, mumweleze maana ya wimbo ule mliofumbia macho. Mumweleze na ule mwingine, wa mama yenu, ambao hamjausikia redioni kamwe na bado mnaujua wote. Mkiona haya kuuimba, mwelezeni kwa nini mnaona haya, kwa maana hilo nalo ni somo.

Utamaduni unaosemwa kwa "li" peke yake ni wa marehemu. Kazi ya mwalimu, na ya mwanafunzi wake, ni kukibadilisha kiambishi kile, na kumtaja mtendaji aliyefichwa: nyimbo hizi zinapendwa, nasi ndio tunaozipenda, na ushahidi wa mapenzi yetu ni kazi tuliyoifanya juu yake. Asiye na ushahidi huo, akisikia mtangazaji anatangaza zilipendwa, na aone kuwa ameulizwa swali, ajitayarishe kulijibu.